Mashine ya nyasi inagoma kuwaka? Fuata petroli kuanzia kwenye tanki, kabureta iache kwanza

Wanadiaspora wenzangu wenye nyumba za uwanja, msimu wa nyasi ukifika hakuna udhuru, majirani wote wanakata, wewe zako zinakaribia magoti, na kuna sehemu manispaa wanakuletea barua ya faini mlangoni kabisa. Unatoa mashine stoo, unavuta kamba, kimya. Unavuta tena mpaka bega linalalamika, kimya vilevile. Hapo wengi wanakimbilia kununua plagi mpya (ile inayotoa cheche ya kuwasha injini) ama wanampelekea fundi ambaye kipindi hicho foleni yake haiishi. Mi nasema tulia kwanza, mashine iliyokata vizuri msimu uliopita alafu ikalala baridi nzima ikaamka imegoma, mara nyingi plagi haina kosa lolote, ni petroli ndo haifiki au inafika ikiwa imeharibika.

Kabla ya kushika chochote, injini ipoe, toka nje, na uchomoe ule waya wa plagi, maana ukizungusha kisu kwa mkono injini inaweza kushtuka ikawaka na vidole ukavisahau. Na tafadhali usifanyie kazi hii kwenye chumba cha chini chenye hita ya maji ya gesi, mvuke wa petroli unatambaa sakafuni kutafuta moto. Ukihitaji kuilaza ubavu, upande wa filta ya hewa na kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) uangalie juu, la sivyo oili inaingia kwenye filta na umeshajiongezea kazi nyingine.

Sasa hakikisha kwanza kama kweli ni mafuta. Toa filta ya hewa, puliza kidogo tu ile spray ya kusafishia kabureta kwenye mdomo wa kabureta, rudisha filta, rudisha na waya wa plagi, vuta kamba. Ikiwaka sekunde mbili tatu alafu ikazima, basi plagi inatoa moto na injini ni nzima, kinachokosekana ni mafuta. Isipotoa hata dalili, achana na mwongozo huu kwa muda, kaangalie plagi na umeme wake. Jaribio hili ni la dakika chache na linakuokolea kufungua vitu bila sababu, watu wanaliruka sijui kwa nini.

Twende kwenye petroli yenyewe, maana hapa ndo penye kesi nyingi. Petroli ya huku tuliko nyingi imechanganywa etanoli, yaani aina ya pombe, Marekani petroli ya kawaida mara nyingi ina mpaka asilimia 10, na Uingereza ile ya kawaida ilihamia E10, yaani yenye etanoli mpaka asilimia 10, kuanzia Septemba 2021. Gari linalotembea kila siku halina shida nayo, tanki linaisha kabla haijachakaa. Mashine ya nyasi sasa, inakaa na mafuta yaleyale miezi, etanoli inavuta unyevu wa hewa, maji yakizidi yanajitenga pamoja na etanoli na kushuka chini ya tanki, na chini ndiko injini inakonyonya. Hata bila maji, petroli huanza kuchoka baada ya mwezi hivi, ile sehemu nyepesi inayosaidia kuwasha inaruka hewani na inayobaki inageuka gundi ya kahawia ndani ya kabureta. Chota kidogo weka kwenye chupa ya glasi uiache itulie. Ukiona matabaka mawili, au rangi imekuwa nzito na inanuka kama vanishi ya mbao, mwaga yote yatoke kwenye tanki. Kumwaga nasemea kwenye dumu lenye mfuniko alafu upeleke kituo cha kupokea taka za sumu cha eneo lako, sio kwenye mtaro wa maji ya mvua.

Ukienda kununua mpya nunua kidogo ya kukutosha wiki chache. Waliopo Marekani, pampu nyingine zina E15 au E85, zenye etanoli nyingi zaidi, hizo mashine yako haizitaki. Na kama umehama kutoka Uingereza kwenda Marekani angalia mkono wa pampu vizuri, Uingereza kijani ni petroli, Marekani kijani mara nyingi ni dizeli, mazoea ya mkono yanaponza bana.

Umeweka petroli mpya na bado inagoma? Tazama kifuniko cha tanki. Kina kitundu cha kupitisha hewa, kikiziba vumbi na nyasi, mafuta yakipungua hewa haiingii kujaza nafasi, basi mafuta yanagoma kushuka. Dalili yake ni kwamba mashine inakata vizuri kabisa kwa dakika kadhaa alafu inazima polepole, ukisubiri inawaka tena. Ikizima hivyo legeza kifuniko, ukisikia hewa inavutwa ndani na injini ikakubali tena, umepata mchawi, safisha kile kitundu au badilisha kifuniko.

Kifuatacho ni mpira wa mafuta. Mashine nyingi za kusukuma hazina pampu, tanki liko juu ya kabureta na mafuta yanashuka yenyewe. Chomoa mpira upande wa kabureta, tegesha kopo, fungua koki kama ipo. Yanatakiwa yatiririke mfululizo. Yakidondoka tone tone, rudi nyuma hatua kwa hatua, filta, kichujio cha ndani ya tanki, na mpira wenyewe ambao kwa nje unaweza kuonekana mzima kumbe ndani umevimba. Filta mpya ina mshale, uelekee kwenye kabureta. Kuna modeli kabureta imekaa juu ya tanki na hazina huu mpira, zina kiwambo chembamba kinachonyonya mafuta, kikikakamaa ni cha kubadilisha tu. Zile za kupanda na kukaa nyingi zina pampu ndogo na pia solenoidi (vali ndogo ya umeme inayofungulia mafuta) chini ya kabureta, washa swichi usikilize mlio wa "tik", usiposikia anza na umeme wake.

Mafuta yakifika vizuri mpaka kwenye kabureta na bado hola, sasa ndo tuifungue. Piga picha kwanza kwa simu, hasa zile springi ndogo na matundu zilikochomekwa, kwa sababu ukizirudisha tundu la pembeni injini inaweza kukimbia kuliko inavyotakiwa. Funga koki, fungua bolti ya chini ya kile kibakuli cha mafuta kilicho chini ya kabureta, ndani utakuta floti (kiboya) na sindano yake inayofunga mafuta kibakuli kikijaa. Kwenye injini nyingi za kampuni ya Briggs & Stratton hiyo bolti yenyewe ndo jeti, yaani kipande kinachopima mafuta yanayopita, ina vitundu vidogo ambavyo usipoviangalia kwenye mwanga hutajua vimeziba. Vizibue kwa uzi mmoja wa waya laini wa shaba na spray, usitumie msumari wala keekee, jeti ni shaba laini, ukipanua tundu mashine itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Spray ipite kila njia mpaka uione ikitokea upande wa pili, vaa miwani maana itakurudia usoni, na mipira ya gasketi iweke pembeni isivimbe. Injini inayopanda na kushuka sauti, vuum vuum bila kutulia, mara nyingi inapata mafuta pungufu, tafuta vile vitundu vidogo kabisa vya mwendo wa chini.

Shida ya kinyume pia ipo, sindano haizibi na petroli inafurika. Nusa kijiti cha kupimia oili, kikinuka petroli usiwashe, oili hiyo imekuwa nyepesi kama maji, imwage uweke mpya baada ya kubadilisha sindano.

Ukisafisha vizuri na bado inasumbua, usisafishe tena na tena, nunua kabureta nzima na gasketi zake. Tafuta kwa namba za injini zilizogongwa kwenye bati lake au kwenye kibandiko, sio jina kubwa lililopakwa kwenye mashine, kwa sababu kampuni inayouza mashine mara nyingi sio iliyotengeneza injini.

Msimu ukiisha, funga koki uiache ingurume mpaka izime yenyewe kabureta ibaki kavu. Kama hutaki kumwaga petroli iliyobaki kwenye tanki, weka dawa ya kutunza petroli alafu washa dakika chache ifike hadi ndani ya kabureta, ikibaki kwenye tanki peke yake haijasaidia kitu.