Shule ya jirani au grama ya mbali: jinsi ya kuamua Uingereza

Grama ni shule ya sekondari ya serikali inayochagua wanafunzi kwa mtihani. Pima safari kabla ya sifa. Pandeni basi lenyewe asubuhi ya siku ya shule. Dakika 70 za kwenda tu hula muda wa kazi za nyumbani na michezo. Usafiri wa bure huangalia shule inayofaa iliyo karibu zaidi, kwa hiyo anayekwenda grama ya mbali mara nyingi hujilipia nauli.

Kufaulu mtihani si kupata nafasi: baadhi ya grama hutazama pia umbali wa nyumbani. Soma vigezo kabla hujalipia tuisheni.

Fomu ya kuorodhesha shule mnazoomba hufungwa 31 Oktoba. Tangulizeni mnayoipenda kweli, maana shule haioni mmeiweka ya ngapi. Ila ya jirani isikose. Mkiiacha na mkakosa nyingine zote, mtapangiwa popote palipobaki.