Kupunguza kodi ya bare kwenye gitaa ili kidole kidogo kipate kazi

Kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja, na ya bare ni ile ambayo kidole cha shahada hulazwa kubana nyuzi kadhaa kwa mara moja. Kodi ya bare inayokamata nyuzi zote sita za gitaa hufunga vidole vyote vinne, na mpigaji akitaka kuongeza noti moja tu hana cha kuiongezea. Tuchukue kodi ya G ya freti ya 3 (freti ni vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, na kidole hubana nyuma tu ya kijiti). Kuanzia uzi mnene hadi mwembamba inatoa G, D, G, B, D, G; noti zenyewe ni tatu, nyingine ni marudio, na marudio yanaweza kuachwa.

Hatua ya 1. Achana na uzi wa 6 na wa 5 (uzi wa 1 ndio mwembamba zaidi, wa 6 ndio mnene zaidi). Laza kidole cha shahada kwenye nyuzi za 1 na 2 pekee, freti ya 3. Cha kati kibane uzi wa 3 freti ya 4. Cha pete kibane uzi wa 4 freti ya 5. Unabaki na G, B, D, G, na kidole kidogo kiko huru. Geuza kidole cha shahada kidogo kuelekea upande wa gumba, penye mfupa, nawe utaona kwamba nguvu inayohitajika ni ndogo mno.

Hatua ya 2. Peleka kidole kidogo freti ya 5. Kwenye uzi wa 1 kinatoa A, kwenye uzi wa 2 kinatoa E, na kwenye uzi wa 3 kinatoa C. Piga kodi, ongeza E, kisha inua kidole D irudi, bila kuvilegeza vidole vingine.

Hatua ya 3, ambayo naipenda kuliko zote. Laza kidole kidogo kwenye nyuzi za 3 na 2 kwa pamoja, freti ileile ya 5, ukikunja kiungo chake ili kisiguse uzi wa 1. Sasa zinasikika G, C, E, G: hiyo ni kodi ya C, na mkono haujahama. Inua, umerudi G. Jizoeze polepole mpaka uzi wa 1 ulie safi kila mara, maana ndio unaozimika kwanza.

Katika bendi, G ya chini mwachie mpiga besi. Ukiwa peke yako, zungusha gumba juu ya shingo ya gitaa libane uzi wa 6 freti ya 3, na ncha yake iuguse uzi wa 5 ili unyamaze.