Kibodi ya Kubadilisha Swichi: Kagua Tundu Kabla ya Taa

Kwenye kibodi ya hotiswapu, swichi ya kila kitufe huchomolewa kwa mkono na kuwekwa nyingine, bila kuchomelea chochote. Swichi ya A ikifa (na anayeandika Kiswahili kutwa nzima hakuna herufi anayoigonga kama hiyo), unabadilisha hiyo moja, kazi inaendelea. Shida ni kwamba wauzaji hutanguliza taa za rangi. Tundu ambamo swichi huingia halitajwi.

1. Uliza kwanza swichi ni za aina gani. Zipo za mekanika (chuma hugusa chuma), za mwanga (mwale hutambua mguso) na za sumaku, na haziingiliani. Zote huuzwa kwa jina hilohilo la hotiswapu. Chukua ya mekanika yenye mfumo wa MX, ulioanzishwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani, kwa sababu Gateron, Kailh na wengine wengi hutengeneza swichi zinazoingia humo. Swichi fupi, za kibodi nyembamba, zina matundu yake, ziache kwanza.

2. Chomoa swichi moja uitazame chini. Utaona pini mbili za chuma na mguu mnene wa plastiki katikati: hiyo huitwa ya pini tatu. Ikiwa na vijiguu viwili zaidi vya plastiki pembeni, ni ya pini tano. Bodi (ubao wa ndani wenye matundu) ya pini tano hupokea zote mbili. Ya pini tatu itapokea ya pini tano ukishavikata vile vijiguu, hata kwa kikata kucha. Bei zikikaribiana, nunua bodi ya pini tano.

Hapa usikubali jibu la haraka dukani. Baadhi ya kibodi za bei ya chini zina matundu yanayokubali swichi za pini nyembamba tu, kama za Outemu. Ukilazimisha nyingine, pini inapinda au tundu linalegea.

3. Ukubwa. Mhasibu achukue ya vitufe 104, yenye vitufe vya namba pembeni. Wengine 87 zinatosha. Zile za asilimia 60 ya ukubwa kamili hazina vitufe vya mishale. Ni nzuri kwenye picha, ila kwa mhariri ni adhabu.

4. Rangi ya swichi. Nyekundu ni laini, kahawia ina kikwazo kidogo katikati kitufe kinaposhuka, bluu hulia tak-tak. Kwenye ofisi ya meza za pamoja, bluu itakugombanisha na watu.

5. Kuchomeka. Chomoa kebo. Nyoosha pini, shusha swichi wima, na kama bodi iko wazi iegemeze kwa kidole upande wa chini, maana kusukuma kwa nguvu kunaweza kung'oa tundu. Kitufe kisipoitika, chomoa swichi tena: mara nyingi pini moja imejikunja chini. Inyooshe kwa kibano, urudishe. Gonga vitufe vyote siku unayopokea kibodi, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.