Ajaili kwenye taasisi kubwa: fuata gunia kwanza

Mimi ni mratibu wa kazi kwenye ushirika wa korosho hapa Mtwara. Tuna vyama vya msingi, maghala, usafirishaji, uhasibu na mafundi wa mfumo wa kompyuta. Msimu wa kwanza tulipoanza ajaili (agile, yaani kufanya kazi kwa vipande vidogo katika mizunguko mifupi na kurekebisha kila mara), kila kitengo kilikuwa na ubao wake wa kadi za kazi, kadi zinasogea vizuri kabisa. Wakulima wakakaa wiki tatu bila malipo. Ukiuliza, hakuna kitengo kilichochelewa. Stakabadhi zilikuwa zimelala kati ya ghala na uhasibu, mahali ambapo hapakuwa na ubao wa mtu yeyote.

Kwa hiyo kabla hujaunda timu, chukua daftari ufuate gunia moja. Anzia kwenye mizani ya chama cha msingi, pita ghalani na mnadani, hadi hela iingie kwenye akaunti ya mkulima. Andika limepita mikono ya nani na limelala wapi, siku ngapi. Mimi nilihesabu mikono tisa.

Kisha panga timu kwa njia hiyo ya gunia, si kwa milango ya ofisi. Karani wa mizani, mtunza ghala, mhasibu na fundi wa mfumo wakae timu moja. Mwongozo wa skrum (Scrum, mojawapo ya njia za ajaili) unataka watu wasiozidi kumi, nami nakubaliana nao.

Timu zikiwa nyingi, orodha ya kazi ibaki moja na mwenye kauli ya mwisho awe mmoja. Craig Larman na Bas Vodde, waliotunga LeSS, mfumo wa kuendesha skrum kwenye timu nyingi, wanalishikilia hilo hata kwa timu nane. Hapa ndipo penye ugumu, maana kila meneja anataka kazi yake itangulie. Waite wakuu wote mbele ya orodha, wapange kwa mikono yao, namba moja iwe moja tu.

Anzeni Juni au Julai, watu wakiwa wanapuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho. Minada ikishafunguliwa Oktoba hakuna atakayekusikiliza. Mizunguko ya kazi iwe ya wiki mbili mbili.

Kila asubuhi timu isimame dakika 15. Baada ya hapo mwakilishi mmoja wa kila timu aingie kikao cha pamoja, kwa simu kama yuko mbali, na swali liwe hili tu: nani anamsubiri nani? Siku moja karani akasema, "Dada, magunia matupu yameisha, mizani imesimama tangu jana." Mtu wa usafirishaji alikuwa hapo hapo kwenye simu. Kabla ya adhuhuri lori lilikuwa njiani.

Mwisho wa mzunguko, kazi mwonyesheni mkulima mwenyewe. Sisi tulipeleka ujumbe mpya wa malipo, una kilo na kiasi kilicholipwa. Mzee mmoja akausoma mara mbili, akanigeuzia simu: "Mwanangu, mbona makato hamjayaandika?" Kadi ya makato ikapanda juu ya orodha jioni ile ile.