Milingoti Umekata, Visiki Je?

Wakulima wengi wa Mufindi na Njombe sasa hawahitaji kuambiwa kwamba mlingoti, yaani mkaratusi, haufai kwenye chanzo cha maji. Wanakata, wanauza nguzo, wanaondoka. Visiki wanaviacha. Hapo ndipo kazi yote inapopotea.

Kisiki cha mlingoti hakijafa. Mizizi ni ile ile iliyokwenda chini, na badala ya shina moja yatachipua kadhaa, yote yakivuta maji kiangazi kizima, wakati chemchemi ndiyo inapong'ang'ania kutiririka. Ukikata bila kuua kisiki, umepanda upya.

Kata kati ya Agosti na Oktoba, machipukizi yanapokuwa dhaifu. Kisiki kisizidi sentimita 10 juu ya ardhi. Siku hiyo hiyo, kabla gome halijakaukia, libandue lote kuzunguka, ukifukua udongo kidogo ili ushuke sentimita 5 hivi chini ya usawa wake, maana macho ya kuchipua yamejificha chini ya gome. Kisha pita kila baada ya wiki 3 au 4, mwaka mzima. Chipukizi lisivuke sentimita 30. Ling'oe kwa mkono litoke na shina lake. Ukilifyeka kwa panga umelipogoa tu. Kisiki kilicho jirani na jicho la maji usikichimbue wala kukichoma moto, na dawa ya magugu usiilete kabisa. Maji hayo mnakunywa.

Halafu zile mita 60 kutoka kwenye maji ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka zisiguswe na shughuli za kuharibu chanzo. Jamani, mnapima kwa miguu! Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 70, kwa hiyo hatua 60 ni mita 42 tu. Nunueni kamba, fungeni fundo kila mita 10, na anzieni pale maji yanapofika mwezi Machi, si pale jicho lilipojikunyata Oktoba. Najua kinyungu cha kiangazi, ile bustani ya bondeni, ndicho kinacholipa ada za watoto, lakini kikae nje ya kamba.

Mivengi, miti ya asili ya kwenye vyanzo vya maji, ipandwe Desemba mvua zikikolea, mita 5 kwa 5. Ndani ya mita 10 kutoka kwenye jicho msichimbe shimo lolote. Nyasi na matete yaliyopo yanatosha.

Kama kazi hii inasaidia mtajua kila Oktoba, kwa kuhesabu muda wa kujaza ndoo ya lita 20.

Kabla ya kuwasha msumeno, mwoneni afisa misitu kuhusu kibali, hata kama miti uliipanda mwenyewe.