Nyumba ya jirani imepigwa mnada na benki, sasa kuna watu wamejiingiza: fanya hivi (mlioko Georgia)

Hii ni ya Georgia tu jamani, Clarkston, Lawrenceville, Marietta na huko kote, maana Marekani kila jimbo lina sheria yake, ukisoma ya Florida ukaitumia hapa kaunti ya DeKalb utachekwa.

Watu wengi wakiona taa zinawaka kwenye nyumba iliyokuwa tupu wanapiga 911 palepale. Sawa, ukiona mtu anavunja dirisha piga, usisubiri. Ila kama wameshahamia na makochi yao, polisi anafika, anaonyeshwa karatasi eti ni lizi (mkataba wa kupanga), anakuuliza wewe ni mwenye nyumba? Hapana. Anaondoka. Kwa hiyo kazi yako kubwa kama jirani ni kumtafuta mwenye nyumba na kumwamsha, hayo mengine ni yake.

Sasa mwenye nyumba ni nani, hapo ndo pagumu. Georgia benki haihitaji kesi ili iuze nyumba, inatangaza kwenye gazeti la kaunti wiki nne mfululizo halafu mnada unafanyika Jumanne ya kwanza ya mwezi pale mahakamani kwa kaunti. Kwa hiyo inawezekana tangazo limetoka lakini nyumba bado ni ya yule yule wa zamani, au benki imeinunua yenyewe, au kaichukua mwekezaji ambaye hata hajawahi kuiona. Anza na tovuti ya ofisi ya kodi za majengo ya kaunti (tax assessor), unaandika anwani jina linatoka, bure. Ila jina pale huwa linachelewa kubadilika, kwa hiyo kama mnada ni wa juzi juzi tazama hati kwenye mfumo wa GSCCCA (kumbukumbu za hati za nyumba na ardhi za Georgia mtandaoni), huo unalipia. Ukikuta jina refu la benki na trasti usiende kwenye tawi la benki hapo mtaani, yule dada wa kaunta hana habari yoyote! Mtafute anayekusanya malipo ya mkopo, au wanasheria waliotajwa kwenye lile tangazo la gazetini, au angalia kwenye dirisha la mbele, mara nyingi kuna stika ya kampuni inayotunza nyumba tupu na namba ya simu ipo.

Kabla hujamwita mtu mvamizi jiulize ni nani yuko ndani. Anaweza kuwa mwenye nyumba wa zamani ambaye hajatoka, huyo lazima aondolewe kwa kesi ya kawaida mahakama ya majistreti na ana siku 7 za kujibu. Anaweza kuwa mpangaji halali, na sheria ya shirikisho ya 2009, iliyofanywa ya kudumu 2018, inampa notisi ya siku 90 angalau. Halafu kuna waliotapeliwa, kaona tangazo Facebook, katuma dipoziti kwa Zelle (huduma ya kutuma pesa kwa simu), kapewa namba ya siri ya kufungulia mlango na mtu asiyemjua. Sisi wageni tusio na kredit (historia ya mikopo) ndo tunanaswa humo, kwa hiyo ongea nao kwanza kama watu wanaonekana wa amani, huenda wenyewe hawajui.

Wakiwa wavamizi kweli, kuna sheria iliyoanza 2024. Polisi anawaandikia saitesheni (karatasi ya kosa), wana siku 3 za kazi kuleta lizi au ushahidi wa kulipa kodi ya pango. Wasipoleta wanaweza kukamatwa. Wakileta, majistreti anasikiliza ndani ya siku 7 na kuamua kama karatasi ni za kweli. Mwambie mwenye nyumba aitaje sheria hiyo kwa jina, Georgia Squatter Reform Act, anapoongea na polisi.

Wewe piga picha ukiwa kwako au barabarani, andika tarehe. Majani yamekuwa marefu, takataka zimejaa, ripoti kwa code enforcement (wakaguzi wa usafi na hali ya majengo) wa mji au kaunti, maana faini zikianza kumfikia mwenye nyumba hata benki inaamka. Umeme umeunganishwa kienyeji? Iambie kampuni ya umeme, usiguse mita. Usikate maji, usiwabadilishie kufuli wala kutupa vitu vyao nje, hapo kesi inakuwa yako. Na wale wanaotishia eti mtu akikaa siku 30 nyumba inakuwa yake, uongo, Georgia ni miaka 20, au 7 kama ana hati inayoonekana kama ya kweli.

Wakishatoka msumbue mwenye nyumba abadilishe kufuli na afunge madirisha ya nyuma kwa mbao siku hiyo hiyo.