Somo: Kuwasha LED kwa betri ya volti 9 bila kuiunguza

Wakuu, habari za leo. Wengi wanaoanza umeme huchomeka LED, ile taa ndogo ya kielektroniki, moja kwa moja kwenye betri ya volti 9. Inamulika kwa ukali mara moja, kisha basi. Hapo betri haina kosa. Kilichoiua LED ni mkondo uliopita bila kizuizi, kwa hiyo leo tunaanza na hesabu, waya baadaye.

Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa umeme unaopita, omu ni ukinzani. Mjerumani Georg Ohm aliyaunganisha haya matatu katika kitabu chake cha mwaka 1827: ampea = volti ÷ omu. Ikaririni, mtaitumia maisha yote.

Vifaa: betri, LED nyekundu, rezista (kipande kinacholeta ukinzani wa kupunguza mkondo), swichi ndogo na vipande vya waya.

Hatua ya 1: Piga hesabu. LED nyekundu hutumia takriban volti 2, na mkondo wake usizidi miliampea 20, yaani ampea 0.02. Zinabaki volti 7 za rezista. 7 ÷ 0.02 = omu 350. Usishuke chini ya hapo. Mimi huchukua ya omu 470, mistari yake njano, zambarau, kahawia. Mkondo unakuwa kama miliampea 15 na mwanga unatosha kabisa.

Hatua ya 2: Tambua miguu. Mrefu ni chanya. Kama imeshakatwa, papasa ukingo wa LED. Upande uliobapa ni wa hasi.

Hatua ya 3: Unga chanya ya betri kwenye swichi, swichi kwenye rezista, rezista kwenye mguu mrefu, kisha mguu mfupi urudi hasi. Washa. Isipowaka, geuza LED kwanza, halafu kagua maungio. Njia ikikatika popote, mkondo wote unasimama.

MASWALI

Mkuu, rezista lazima ikae upande wa chanya?
Hapana, hata hasi ni sawa. Njia ni moja, kwa hiyo mkondo ni uleule kila mahali.

Nikitaka LED mbili nyekundu?
Zipange kwa mfuatano, moja nyuma ya nyingine: 9 − 4 = 5, weka rezista ya omu 330. Ukizipanga sambamba, yaani kila moja na njia yake, kila moja ipe rezista yake. Zikichangia rezista moja, LED inayohitaji volti kidogo huvuta mkondo mwingi kuliko mwenzake.

Je, nikiweka rezista kubwa nichomeke kwenye soketi ya ukutani?
Usijaribu, ndugu yangu. Volti 230 zinaua, na ukigusa waya wowote wa saketi hiyo umegusa umeme wa ukutani wenyewe. Hata rezista ndogo za robo wati zitaungua, maana hapo zinabebeshwa zaidi ya wati moja. Tumia chaja nzima ya simu ya volti 5: 5 − 2 = 3, rezista ya omu 220. Pima kwanza kwa mita ujue waya upi ni chanya.